Tableti au Kompyuta Yenye Kibodi? Mwongozo wa Mnunuzi wa Ruiri

Huenda pesa ulizoweka akiba zinatosha kifaa kimoja tu. Ukifika mjini Meru, duka la kwanza litakuonyesha tableti mpya inayong'aa ndani ya boksi. Duka la pili litakuonyesha laptopu iliyotumika, ile inayoitwa ex-UK, nzito kidogo na yenye mikwaruzo. Bei zao zinaweza kukaribiana, na kila muuzaji atakuambia chake ndicho bora. Ukienda bila kujua unachotafuta, muuzaji ndiye atakayekuchagulia.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Ruiri: mwalimu, mkulima, katibu wa chama, mwenye duka sokoni, mzazi aliye na mtoto sekondari, kijana anayetafuta kazi. Utakusaidia kuamua kifaa kinachokufaa, kukikagua kabla ya kulipa, na kukitunza kidumu. Shikilia jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kazi ndiyo inayochagua kifaa. Ijue kazi yako kwanza, ndipo ushike barabara ya Meru.

## 1. Tofauti iko wapi hasa?

Tableti ina skrini ya mguso. Unagusa unachokitaka, kinafunguka. Haihitaji mafunzo, haina feni, inawaka papo hapo na unaishika kwa mkono mmoja. Inamfaa sana mtu anayepokea: anayesoma, anayetazama, anayesikiliza, anayepiga picha, anayejaza nafasi chache kwenye fomu.

Kompyuta yenye kibodi, iwe laptopu au ya mezani, inamfaa anayeunda: anayeandika kurasa, anayepanga hesabu kwenye majedwali, anayetunza mamia ya faili. Vidole kumi hufanya kazi pamoja, na skrini yote hubaki wazi mbele yako. Kwenye tableti, herufi za kuandikia huchukua karibu nusu ya skrini pale unapozihitaji, na kidole huziba kile unachotaka kukisahihisha.

Ushahidi upo hapa nchini. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, watoto walipewa tableti na walimu wakapewa laptopu. Mtoto wa miaka sita hugusa picha na kusikiliza sauti. Mwalimu huandaa somo na kuandika rekodi. Katika sensa ya Agosti 2019, makarani walizunguka nyumba hadi nyumba wakiwa na tableti, kwa sababu kazi yao ilikuwa kutembea, kuuliza na kugusa majibu. Tanzania nayo ilitumia vishikwambi, ndivyo wanavyoziita tableti, katika sensa ya Agosti 2022, kisha ikavigawa kwa walimu. Lakini ripoti nene ya sensa haiandikwi kwa kugusa kioo. Huandikwa na watu walioketi mbele ya kibodi.

Kwa hiyo usiulize kipi ni cha kisasa zaidi. Uliza: mimi ni yupi kati ya karani anayetembea na mwandishi aliyeketi?

## 2. Pima kazi zako: hatua tano

Fanya zoezi hili nyumbani, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuuliza bei popote.

1. Orodhesha. Andika kila kazi uliyofanya mwezi uliopita kwa simu, saibani, au kwa kumwomba mtu mwingine akufanyie.
2. Tia herufi. Kazi ya kusoma, kutazama, kupiga picha au kujaza fomu fupi, iwekee S. Kazi ya kuandika zaidi ya ukurasa mmoja, kupiga hesabu za safu nyingi au kupanga faili, iwekee A.
3. Andika mahali. Je, kazi hiyo huifanya ukiwa shambani, sokoni na barabarani, au ukiwa umeketi mezani?
4. Andika mara ngapi. Kila siku, kila wiki, au mara moja kwa mwaka?
5. Futa za mara moja kwa mwaka. Kazi inayokuja mara moja isikununulie kifaa. Ipeleke saibani, ulipe, uendelee na maisha.

Sasa tazama karatasi yako. S zikiwa nyingi, na nyingi kati yake ni za kutembea, nunua tableti. Ukiwa na A za kila wiki, hata kama ni mbili tu, nunua kifaa chenye kibodi. A za kila wiki zikiwa za mtu mmoja na S za watu watano ndani ya nyumba hiyo hiyo, soma sehemu ya 6 kuhusu njia ya kati.

> SANDUKU LA 1: KAZI NA KIFAA CHAKE
>
> Tableti inatosha:
> - Kusoma magazeti, Biblia, vitabu vya shule na mitihani iliyopita
> - Kutazama masomo na mafunzo ya kilimo ya video
> - Simu za video na jamaa walio mbali
> - Kupiga picha ya mmea ulioshikwa na ugonjwa na kumtumia afisa wa kilimo
> - Maombi mafupi kwenye eCitizen, kama cheti cha maadili mema
> - Kupiga picha stakabadhi na kuzigeuza faili la PDF
>
> Kibodi inahitajika:
> - Kuandika barua za kazi, wasifu, kumbukumbu za mikutano na ripoti
> - Daftari la chama: michango, mikopo, riba na marejesho kwenye jedwali
> - Alama za wanafunzi na maandalizi ya masomo
> - Kazi za chuo: insha ndefu, utafiti, hesabu, programu
> - Kazi za mtandaoni za kunakili sauti, kuingiza data au kuandika
> - Fomu ya KRA ya Excel kwa mwenye biashara

Jambo la mwisho kwenye orodha hiyo huwanasa wengi. Mwajiriwa asiye na mapato mengine anaweza kujaza ripoti yake ya kodi moja kwa moja kwenye tovuti ya iTax. Lakini mwenye biashara hupakua fomu ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), aijaze, aihakiki, kisha aipandishe tena. Programu ya Excel ya tableti haiendeshi makro hizo. Ukijaribu usiku wa Juni 30, siku ya mwisho, utakwama. Jipange mapema, uende saibani au kwa mtu mwenye kompyuta.

## 3. Stima yako inatoka wapi?

Hili ni swali ambalo muuzaji wa mjini hakuulizi, ilhali kwako linaweza kuamua kila kitu. Huenda nyumba yako ina stima ya mtandao wa taifa. Huenda inategemea sola ndogo yenye taa tatu na tundu la USB. Huenda ina paneli kubwa, betri na inveta. Kila hali ina kifaa chake.

> SANDUKU LA 2: HESABU YA NISHATI
>
> - Betri ya tableti ya mAh 6,000 hubeba takriban wati-saa 22.
> - Betri ya laptopu ya kawaida hubeba takriban wati-saa 40 hadi 50.
> - Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula wati 100 hadi 200 inapowaka. Saa tatu ni wati-saa 300 hadi 600.
> - Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa tano hutoa takriban wati-saa 250. Ukiondoa kinachopotea njiani, panga matumizi yako kwa 150 hadi 180.
>
> Maana yake: paneli hiyo inaweza kujaza tableti na simu na kuwasha taa bila shida. Inaweza kujaza laptopu mara moja au mbili kwa siku ukiwa makini. Kompyuta ya mezani haiwezi kuitegemea.

Elewa pia volti. Tundu la USB la sola ndogo hutoa volti 5, na hapo tableti itajaa, hata kama polepole. Chaja ya laptopu nyingi hutoa volti 19 au 20 na wati 45 hadi 65. Tundu hilo dogo haliwezi kuijaza. Utahitaji betri ya volti 12 pamoja na inveta, au chaja ya laptopu ya gari, ambayo hupoteza nishati kidogo kuliko inveta.

Onyo: Usiunganishe waya za betri moja kwa moja kwenye laptopu. Utaiunguza, na unaweza kuwasha moto.

Kama unatumia stima ya mtandao, kumbuka kwamba huwa inakatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo, na kazi ambayo hukuihifadhi hupotea. Laptopu na tableti zina betri ndani, kwa hiyo huendelea. Mvua ya radi ikianza, chomoa chaja ukutani. Swichi ya ekstensheni pekee haizuii radi.

## 4. Ukinunua tableti: hatua za ukaguzi

Tableti bandia na dhaifu zimejaa sokoni. Boksi linaweza kutangaza RAM ya GB 12 kumbe ndani ni GB 2. Fuata hatua hizi dukani, kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa uiwashe, ondoka.

1. Weka kiwango chako cha chini. RAM GB 4, hifadhi GB 64, skrini ya inchi 10 kama ni ya kusomea. Chini ya hapo itaanza kukwama upesi. Skrini ya inchi 7 haikuongezei mengi juu ya simu uliyo nayo.
2. Fungua "Kuhusu kifaa" kwenye mipangilio. Angalia toleo la Android na tarehe ya masasisho ya usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka mitatu iliyopita, kifaa hicho kimeshaachwa na mtengenezaji.
3. Thibitisha RAM na hifadhi. Pakua programu kama CPU-Z na ulinganishe namba zake na za boksi. Zikitofautiana, umeujua ukweli.
4. Linganisha IMEI. Kama tableti inatumia laini, bonyeza *#06# au itafute kwenye mipangilio. Namba hiyo ifanane na ya boksi na ya risiti.
5. Jaribu mguso. Shika alama ya programu yoyote na uiburute polepole pembe hadi pembe. Ikikatika mahali, kioo kina sehemu mfu.
6. Ulizia laini. Tableti nyingine ni za Wi-Fi pekee. Kama nyumbani huna Wi-Fi, utategemea hotspot ya simu kila wakati.
7. Kagua tundu la chaja. Chomeka, tikisa kidogo. Likilegea sasa, litakufa kabla ya mwaka kwisha.
8. Kama imetumika, hakikisha akaunti ya zamani imeondolewa. Muuzaji airejeshe kwenye hali ya kiwandani mbele yako, kisha uingize akaunti yako ya Google hapo hapo. Ikidai nenosiri la mwenyewe wa kwanza, imefungwa, na huenda imeibwa.

Onyo kuhusu tableti za shule: Vifaa vya mpango wa serikali ni mali ya umma. Ukiuziwa kimoja kwa bei ya kutupa, hujapata bahati. Umejiingiza kwenye kesi.

Kuhusu kulipa polepole: Vifaa vingi vya mkopo hufungwa kutoka mbali ukichelewesha malipo. Uliza mambo matatu: jumla utakayokuwa umelipa mwishoni, kinachotokea ukikosa siku moja, na kama kufuli huondolewa kabisa ukimaliza. Kisha linganisha jumla hiyo na bei ya taslimu.

## 5. Ukinunua laptopu iliyotumika: hatua za ukaguzi

Laptopu za ex-UK kwa kawaida zilikuwa za maofisi. Nyingi ni imara kuliko laptopu mpya za bei ya chini, kwa sababu zilitengenezwa zifunguliwe na kurekebishwa. Hata hivyo, lazima ujue unachokagua.

1. Soma kizazi cha prosesa. Kwenye jina kama i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, yaani kizazi cha nane. Kwenye i5-6300U ni cha sita. Chukua cha nane au zaidi. Sababu ni hii: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Kama pesa zinatosha kizazi cha sita pekee, uwe tayari kutumia Linux, ambayo ni ya bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani.
2. Dai SSD. Hifadhi ya SSD hufanya laptopu ya zamani iwake upesi. Diski ya kuzunguka ni ya polepole na huvunjika ikidondoka. GB 256 za SSD ni bora kuliko GB 500 za diski ya zamani.
3. RAM GB 8. Kama ni GB 4, uliza ikiwa kuna nafasi ya kuongeza.
4. Pima betri. Fungua Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`, kisha ufungue ripoti itakayoundwa. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Chini ya nusu, dai betri nyingine au punguzo.
5. Bonyeza kila herufi. Fungua Notepad, andika herufi zote, tarakimu zote, nafasi na Enter. Kibodi ndiyo sababu ya kununua laptopu. Usiiache bila kuijaribu.
6. Jaribu matundu yote. Beba flashi, spika za masikioni na simu yako yenye hotspot. Jaribu USB, sauti, kamera na Wi-Fi.
7. Izime na uiwashe tena. Ikiuliza nenosiri kabla ya Windows kufunguka, au ikitaja kampuni ambayo huijui, imefungwa na mwenyewe wa awali. Iache.
8. Iache iwake nusu saa. Ukiwa dukani, cheza video. Ikipata joto la kuchoma au kuzimika, feni au prosesa ina tatizo.
9. Chukua risiti yenye namba ya mashine na maandishi ya muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo haitakusaidia ukirudi mjini.

## 6. Njia ya kati

Si lazima uchague upande mmoja kabisa. Kuna njia nne ambazo familia nyingi zinaweza kuzimudu.

- Tableti na kibodi ya Bluetooth. Inafaa kama unaandika kurasa mbili tatu kwa wiki. Nunua pia kisimamio, skrini isimame wima. Programu za Word na Excel za Microsoft hukuruhusu kuhariri kazi za kawaida bila malipo kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1. Ukinunua tableti ya inchi 11, masharti hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza.
- Tableti na kibodi ya waya. Kebo ndogo ya OTG huunganisha kibodi ya kawaida ya USB na tableti. Ni nafuu, na haihitaji betri nyingine.
- Laptopu moja ya kikundi. Chama, kanisa au kikundi cha wakulima kinaweza kununua laptopu moja, ikawekwa kwa katibu, na kila mwanachama akabaki na simu yake. Andikeni kanuni: nani anaishika, nani anaijaza chaja, nani analipa ikiharibika.
- Simu yako pamoja na saiba. Kama A zako ni za mara moja moja tu, usinunue chochote. Weka akiba. Huduma za serikali zinazokushinda unaweza kuzipata kwenye Huduma Centre mjini Meru.

> SANDUKU LA 3: USALAMA SAIBANI
> - Andika nenosiri lako mwenyewe. Usimtajie mhudumu kwa sauti.
> - Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa.
> - Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha ufute nakala za kitambulisho na cheti ulizopakua.
> - Usiache flashi yako. Ukiirudisha nyumbani, ikaguliwe virusi kabla ya kufungua faili.
> - Barua pepe na namba ya simu kwenye eCitizen na iTax ziwe zako, si za mhudumu.

## 7. Wiki ya kwanza na kifaa chako

Watu wengi hununua vizuri kisha wanapoteza pesa kwenye bando na kazi zilizopotea. Fanya haya mapema.

1. Funga mlango. Weka PIN au nenosiri. Kwenye tableti, washa huduma ya Google ya kutafuta kifaa kilichopotea.
2. Linda bando. Kwenye laptopu ya Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua hotspot ya simu yako, na uiweke kuwa mtandao wa kupimwa (inaandikwa *metered*). Bila hivyo, masasisho yanaweza kumeza gigabaiti kadhaa usiku mmoja. Kwenye tableti, ruhusu masasisho ya programu kwa Wi-Fi pekee.
3. Sasisha siku moja maalumu. Usizime masasisho milele, kwani ndiyo yanayoziba mianya ya wezi. Tafuta Wi-Fi ya bure au bando la usiku mara moja kwa mwezi, uyakamilishe yote.
4. Weka nakala mbili. Daftari la chama, wasifu na vyeti viwe kwenye kifaa, na pia kwenye flashi au Google Drive. Kifaa kimoja kikipotea, kazi isipotee nacho.
5. Panga folda. Familia, Kazi, Chama, Shule. Faili lenye jina "Document1" hutalipata tena.
6. Jifunze kuandika kwa vidole kumi. Weka vidole vya kushoto kwenye A S D F, vya kulia kwenye J K L na alama inayofuata. Herufi F na J zina vinundu vidogo, uvitambue bila kutazama. Fanya mazoezi ya dakika 15 kila siku. Kijana anayetaka kozi ya ofisi au kazi ya mtandaoni atapimwa kwa kasi hii, na skrini ya mguso haitamfundisha.

## 8. Vumbi, joto na mikono

Ruiri iko upande unaoelekea Isiolo, na kiangazi chake kina vumbi na jua kali. Vyote viwili ni adui wa vifaa hivi.

Laptopu huvuta hewa kwa feni, na vumbi huingia nayo. Usiiweke juu ya kitanda au blanketi. Matundu yake huziba. Itumie mezani, uifunike kwa kitambaa ukimaliza, na umpe fundi aisafishe ndani mara moja kwa mwaka. Chai ikiingia kwenye kibodi, zima mara moja, chomoa chaja, igeuze kichwa chini, umpelekee fundi. Usiianike juani.

Tableti haina feni, kwa hiyo vumbi haliidhuru sana isipokuwa kwenye tundu la chaja. Adui yake mkubwa ni kuanguka. Kioo kikipasuka, gharama ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei ya tableti nyingine, na betri yake mara nyingi imegundishwa ndani. Nunua kava la raba lenye kingo nene siku ile ile, kabla hujapanda matatu kurudi nyumbani.

Zote mbili huchukia joto. Usiziache kwenye kiti cha gari juani wala chini ya mabati yaliyowaka. Betri hudumu zaidi ukiiweka kati ya asilimia 20 na 80, na ukitumia chaja halisi au ya nguvu inayolingana.

Linda na mwili wako. Tableti iliyolala mapajani huinamisha shingo; isimamishe. Laptopu iwe juu ya meza ambayo viwiko vyako vinalingana nayo. Kila dakika 20, tazama kitu cha mbali kwa sekunde 20.

## 9. Watoto na wazee

Watoto wadogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Tableti haichukui nafasi ya mlezi. Weka udhibiti wa wazazi, na uitumie mkiwa pamoja.

Wa shule za msingi. Tableti yafaa kwa vitabu, video na miradi ya kupiga picha. Weka kanuni mbili nyumbani: inatumika sebuleni, na inalala kwa mzazi.

Wa sekondari na chuo. Hapa kibodi inaanza kuwa lazima. Mwanafunzi anayeandika ripoti ya mradi kwa kidole kimoja kwenye kioo anapoteza saa nyingi. Kama akiba inatosha kimoja, mpe laptopu, kisha simu ya nyumbani ifanye kazi ya kutazama.

Wazee. Tableti yenye maandishi makubwa ni zawadi nzuri kwa babu au nyanya anayetaka kuwaona wajukuu walio Nairobi au ng'ambo. Kuza maandishi kwenye mipangilio, acha programu nne tu kwenye ukurasa wa mbele, na uwaonyeshe kuandika kwa sauti: kibodi ya Google husikia Kiswahili. Waambie pia, tena zaidi ya mara moja, kwamba mtu yeyote anayeomba PIN ya M-PESA ni mwizi, hata akijiita mhudumu.

## 10. Makosa ya kawaida

- Kununua kwa bei ya kifaa pekee. Ongeza kava, kibodi, flashi, bando, na kama ni laptopu kwenye nyumba ya sola, inveta. Ndiyo bei halisi.
- Kununua tableti kwa matumaini ya kuandika. Kama hujawahi kuandika ukurasa mzima kwa simu ukafurahia, hutaufurahia kwa tableti.
- Kununua kompyuta ya mezani kwenye nyumba ya sola ndogo. Itabaki pambo.
- Kumkabidhi kijana wa jirani manenosiri yote. Msaada ni mzuri. Funguo zibaki kwako.
- Kuagiza mtandaoni na kulipa kabla ya kuona. Lipa baada ya kuikagua, au nunua kwa duka lenye mlango unaoujua.
- Kufikiri mtoto anayejua kugusa anajua kompyuta. Kugusa hujifunza peke yake. Kuandika, kuhesabu na kupanga faili lazima afundishwe.

## Orodha ya kwenda nayo dukani

☐ Karatasi yangu ya kazi, yenye S na A
☐ Chanzo changu cha stima na wati zake
☐ Viwango vya chini: tableti RAM GB 4 na hifadhi GB 64, laptopu kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256
☐ Flashi, spika za masikioni, simu yenye bando
☐ Bei za maduka matatu
☐ Pesa za kava na vifaa vingine, zikiwa kando
☐ Risiti yenye namba ya kifaa na muda wa dhamana
☐ Mtu mmoja ninayemwamini wa kunisindikiza

Ukifika dukani, muulize muuzaji akuonyeshe kazi yako ya kwanza kwenye orodha ikifanyika kwenye kifaa hicho. Kama ni daftari la chama, lifunguliwe na safu kumi zijazwe. Kama ni somo la video la mtoto, lichezwe. Kifaa kikiifanya kazi hiyo vizuri mbele ya macho yako, lipa. Kikishindwa, rudi nyumbani na pesa zako. Zitanunua kinachofaa siku nyingine.